Nani Alipe Mpira wa Maji?



Kuna mtindo katika gareji za Nyeri, Karatina na Nanyuki unaowaletea hasara madereva na mafundi. Ile mipira miwili myembamba iendayo kwenye mlango wa hewa wa injini, ambao mafundi huuita throto, ikianza kuvuja, mwenye gari humwambia fundi, "Pitisha maji kando tu." Fundi huiondoa, akaunganisha njia ya maji isifike throto, na gari hurudi barabarani siku ile ile.

Wengine husema gari hupata nguvu zaidi kwa sababu hewa iingiayo haipashwi moto. Sisi twaona maneno hayo yana ukweli mdogo sana. Hewa hupita hapo upesi mno hata isipate joto la maana. Dereva apandaye na abiria kutoka Sagana mpaka Nyeri hataona tofauti yo yote.

Tena waliounda injini hawakuweka mipira ile kwa urembo. Hewa yenye unyevu ikipenya mahali pembamba hupoa, na penye baridi kali huweza kufanya barafu na kukwamisha kibao cha throto. Hatutaki kutisha watu: mjini Nyeri jambo hilo ni nadra. Lakini gari lipitalo Timau alfajiri katika ukungu si sawa na gari la Mombasa. Na katika baadhi ya injini, maji yale ndiyo yaijulishayo injini kwamba imekwisha pata moto. Yakikosekana, huendelea kunguruma kwa kasi hata gari likiwa limesimama steji, na petroli hupotea bure.

Hatari kubwa ni kiungo chenyewe. Nyeri iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,750 hivi, na maji ya sufuria huchemka hapa kwenye digrii 94 hivi, si 100. Katika rejeta, presha ndiyo huyazuia yasichemke mapema. Kiungo kilichofungwa kwa waya, au tundu lililozibwa kwa bolti, likivuja, presha hupotea, maji huisha, na gasketi ya hedi huungua. Rahisi huvunja upishi.

Hapo ndipo ugomvi huanza. Mwenye gari aliyekataa kununua mpira humgeukia dereva: "Umechemsha injini yangu!" Kisha mwisho wa mwezi humkata mshahara. Hatukubali. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu mfanyakazi kukatwa kiasi cha kadiri kwa mali iliyoharibika kwa kosa lake la makusudi. Dereva aliyekabidhiwa gari limefungwa hivyo kwa amri ya mwenyewe amefanya kosa gani la makusudi?

Lakini nasi tutimize wajibu wetu. Dereva aangalie geji ya moto, na mshale ukipanda asimamishe gari. Asifungue kifuniko cha rejeta kabla injini haijapoa, maana maji yale huruka na kuunguza uso na mikono.

Na wewe fundi, mpira ukipasuka mbali na duka, kupitisha maji kando ili gari lifike nyumbani si kosa. Huo ni ufundi. Ila tumia mpira wa kipimo chake, ustahimilio moto, na klipu za kukaza. Kisha andika katika risiti: "Kazi ya muda. Mipira mipya yahitajika." Mwenye gari atie sahihi, na dereva apewe nakala. Siku ya ubishi, nakala hiyo iletwe kwa katibu wa tawi kabla ya siku ya mshahara, si baada yake.

Anayepokea faida ya gari kila jioni ndiye anunue mpira wake.