Goti Lipi, na Nani Anayechagua?

Mama yangu mkubwa anaishi Mbagala. Kwa miaka mingi alikuwa na genge lake, akiamka alfajiri kupanda daladala kwenda kununua mboga na nazi, mpaka magoti yakakataa. Gegedu lilikuwa limesagika, mfupa unagusa mfupa, na mguu wa kulia umejipinda kwa nje kama upinde. Siku tuliyokwenda kupanga upasuaji, katika hospitali ambayo sitaitaja, tuliambiwa kwamba yapo magoti bandia ya aina mbili. Moja ni la kawaida. La pili ni la kisasa, linakunja zaidi, na bei yake ilikaribia mara mbili ya lile la kwanza. Mama mkubwa alinigeukia na kusema, "Mwanangu, wewe ndiwe msomi. Sema."

Sikujua la kusema. Ninafundisha chuo kikuu, ninasahihisha tasnifu za watu, na mbele ya swali lile nilikuwa sawa na mtu aliyeulizwa njia katika mji asiowahi kuukanyaga. Familia ilifanya yale ambayo familia zetu hufanya: ikachagua la ghali, ili asije mtu kusema tulimpunja mzazi. Kiwanja chake cha Chamazi kiliuzwa kufidia tofauti ya bei.

Nilianza kusoma baadaye, na hilo ni kosa langu. Niliyoyasoma yanawahusu watumishi wa umma wanaoandika vigezo vya zabuni kuliko yanavyomhusu mgonjwa, ndiyo maana nayaleta hapa.

Goti bandia la leo, kwa umbo lake la msingi, ni mtoto wa lile lililobuniwa New York na kuanza kutumika mwaka 1974. Kuna kofia ya chuma inayovikwa kwenye ncha ya fupa la paja, kuna bamba linaloketi juu ya goko, na kati yake kipande cha plastiki ngumu iitwayo polietilini. Tofauti ambazo kampuni huzipigia debe zimo ndani ya umbo hilohilo. Kuna magoti yanayobakiza kano mtambuka ya nyuma na mengine yanayoiondoa na kuweka kigingi badala yake. Kuna ambayo plastiki yake imekazwa na kuna ambayo plastiki yake huzunguka kidogo. Kuna ambayo sehemu ya goko ni plastiki tupu, na kuna ambayo plastiki hupachikwa juu ya bamba la chuma.

Je, ipi bora? Waingereza waliliuliza swali hilo kwa njia ya haki. Tangu mwaka 1999 waliwagawa kwa kura wagonjwa zaidi ya 2,300 ili kulinganisha baadhi ya miundo hiyo, kisha wakawafuatilia kwa miaka mingi. Plastiki inayozunguka haikuleta faida iliyotarajiwa. Na kuhusu plastiki tupu, tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba kwa wazee hudumu sawasawa na ile yenye bamba la chuma, ilhali bei yake ni ndogo. Mwaka 2019 watafiti waliokusanya takwimu za nchi kadhaa walikadiria kwamba takriban asilimia 82 ya magoti kamili ya bandia hudumu miaka 25. Haya ni magoti ya kawaida, yaliyowekwa na madaktari waliokwisha kuyazoea.

Sasa nije kwenye lile "linalokunja zaidi", maana hapo ndipo tulipouzia kiwanja. Kivutio chake kwa watu wetu ni dhahiri. Sisi tunasujudu, tunachuchumaa chooni, tunaketi mkekani, tunakaa juu ya mbuzi kukuna nazi. Mzungu wa makamo anayeketi kwenye kiti kutwa nzima hahitaji digrii tunazozihitaji sisi. Kampuni zililiona hilo na zikatengeneza magoti kwa ajili ya soko la Asia na Mashariki ya Kati. Wazo lilikuwa jema. Lakini majaribio ya kulinganisha yalipojumlishwa, tofauti ya maana haikuonekana, na ripoti moja kutoka Korea ilieleza juu ya kulegea mapema kwa sehemu ya paja. Kinachotabiri zaidi jinsi goti litakavyokunja baada ya upasuaji ni jinsi lilivyokuwa likikunja kabla. Goti la mama mkubwa lilikuwa limekakamaa kwa miaka, na hakuna chuma ambacho kingelirudisha. Hili lingeweza kuelezwa kwa sentensi mbili siku ile.

Simlaumu daktari peke yake. Daktari naye huchagua kati ya vile alivyoletewa. Kila muundo una seti yake ya vyombo vya kupimia na kukatia, na mara nyingi seti hiyo huletwa na msambazaji mwenyewe. Kwa hiyo uamuzi wa muundo hufanyika mapema, katika ofisi ya ununuzi, na watu wanaosoma bei kuliko wanavyosoma takwimu za kudumu. Kuna jambo lingine ambalo ni nadra kulisikia likijadiliwa: plastiki ya kampuni moja haiingii kwenye bamba la kampuni nyingine. Ukibadilisha mzabuni kila mwaka, unawaacha nyuma yako wagonjwa yatima, ambao plastiki yao ikichakaa baada ya miaka kumi na tano hakuna stoo yenye kipande cha kuwafaa. Kilichookolewa kwenye zabuni hulipwa na mgonjwa kwa upasuaji mkubwa wa kung'oa kila kitu.

Nimeambiwa na rafiki yangu, mtumishi wa wizara, kwamba haya ni matatizo ya matajiri, na kwamba nchi yenye malaria haina nafasi ya kubishana juu ya magoti. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani, wakati mwenye uwezo alipelekwa India na asiye nacho alipewa mkongojo. Leo upasuaji huu unafanyika hapahapa nchini, ikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1996. Tena mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mfuko wa pamoja ukianza kulipia viungo bandia, swali la goti lipi linakuwa swali la fedha ya muuza samaki wa Feri na mwalimu wa Tandika.

Ninachokidai si kigumu. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ipo, Bohari ya Dawa ipo. Zikae na madaktari bingwa wa mifupa, wachague miundo miwili au mitatu yenye rekodi ndefu, wanunue kwa mikataba ya miaka mingi yenye sharti la kupatikana kwa vipuri, na kwa wazee waipe plastiki tupu nafasi ya kwanza. Kisha iwepo rejesta ya taifa yenye nguvu ya sheria: kila goti na kila nyonga, nambari ya toleo, hospitali, tarehe, na taarifa ichapishwe kila mwaka. Sweden walianza kusajili magoti mwaka 1975. Na anayedhani ni anasa ya Ulaya aitazame Malawi, jirani yetu, walioanzisha rejesta yao mwaka 2005.

Rejesta si makaratasi tu. Nyonga moja ya chuma kwa chuma iliondolewa sokoni duniani kote mwezi Agosti 2010, baada ya rejesta za Australia na Uingereza kuonyesha kwamba inashindwa mapema mno. Mwezi Februari 2022 kampuni ya Exactech ya Marekani ilipanua mwito wa kurudisha plastiki za magoti, kwa sababu mifuko iliyofungiwa ilikosa tabaka la kuzuia oksijeni, na plastiki ikioksidika huchakaa upesi. Baadhi zilikuwa zimetengenezwa tangu mwaka 2004. Tangazo kama hilo likitoka kesho, nani atampigia simu mwanamke wa Mbagala?

Nimejaribu kulijibu swali hilo kwa mfano mmoja. Kila goti bandia huja na stika yenye jina la muundo, ukubwa na nambari ya toleo, na stika hizo hubandikwa kwenye faili. Nilirudi hospitalini kuiomba nakala. Mara ya kwanza faili halikuonekana. Mara ya pili lilionekana, lakini ukurasa wa upasuaji haukuwa na stika yoyote. Mara ya tatu karani, kijana mwenye adabu, aliniuliza kama mgonjwa analalamika maumivu. Nikamwambia hapana.

"Basi, mzee wangu, unaitakia nini?"

Mama mkubwa anatembea vizuri sasa, anafika msikitini kwa miguu, na anasali akiwa kitini.