Usiwashe Moto Chini ya Injini

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya Makete na Njombe haina utani. Alfajiri utaona pikapu kuukuu ya dizeli imepakia viazi, haiwaki, na dereva anasogeza makaa chini ya injini. Mimi napinga jambo hili. Pale chini pana mafuta, grisi na nyaya. Moto ukishika, gari na mzigo vimekwenda.

Baridi hupunguza nguvu ya betri na kufanya oili iwe nzito, hivyo stata huzunguka kivivu. Kasoro ndogo uliyoivumilia Februari ndiyo inayokulaza njiani Julai. Kwa hiyo, tengeneza mapema:

- Pima betri asubuhi kabla ya kuwasha. Iliyojaa husoma takriban volti 12.6.
- Fundi akague hita za injini.
- Kama unatumia oili SAE 40, muulize kama 15W-40 inafaa injini yako.
- Rejeta iwe na kulanti, si maji matupu. Maji yakiganda huweza kuipasua.
- Asubuhi subiri taa ya hita izime, piga stata isizidi sekunde 10, pumzisha nusu dakika, kisha rudia.

Najua betri mpya ni gharama. Ilinganishe na tripu moja ya viazi iliyokosa soko. Kama fedha haijapatikana, anza leo na vichwa vya betri: chomoa nyaya, sugua kutu, kaza vizuri. Hilo halihitaji mtaji.