Tembo Hawakupigana

Iko methali isemwayo sana katika nchi zetu, ya kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia. Kila zisikikapo habari za ugomvi wa mataifa makubwa, hutokea mtu barazani akaitamka, wote wakatikisa vichwa, na mazungumzo huishia hapo. Sisi hatuwadharau wazee walioitunga, maana wao waliwaona tembo na walizijua nyasi. Lakini twasema ya kuwa methali hii imefanywa kuwa mto wa kulalia. Watu huitumia ili wasiulize ni nani aliyepigana, kwa silaha ya nani, na ni nani aliyeileta silaha ile nyumbani. Tena, katika vita tunavyotaka kuvitaja hapa, si kweli hata kidogo: tembo hawakupigana.

Baada ya vita kuu vilivyokwisha mwaka 1945, Marekani na Urusi ya Kisovieti zilishindana kwa miaka zaidi ya 40. Marekani ilisema kwamba yatetea uhuru wa mtu na wa biashara. Urusi ilisema kwamba yatetea wafanya kazi na wakulima walionyonywa. Kila moja ilikuwa na mabomu ya kutosha kuangamiza miji yote ya mwenziwe, kwa hiyo ziliogopa kupigana uso kwa uso. Ugomvi wao ukahamia katika nyua za watu wengine: Korea, Vietnam, Angola, Afghanistan. Nasi twachagua mfano mmoja ulio karibu na kwetu, yaani vita vya Ogaden vya 1977 na 1978.

Ogaden ni nchi pana na kavu iliyo mashariki ya Ethiopia. Wenyeji wake wengi ni Wasomali, wafugaji wa ngamia na mbuzi, ambao huhama kwa kuifuata mvua. Mwisho wa karne ya 19 Mfalme Menelik wa Ethiopia alieneza enzi yake hata huko, wakati ule ule Waingereza, Waitalia na Wafaransa walipokuwa wakijigawia pwani ya Wasomali. Basi watu wa lugha moja wakajikuta chini ya bendera nyingi. Uchungu wao ulikuwa wa kweli, wala hatuudhihaki. Hofu ya Waethiopia nayo ilikuwa ya kweli, maana nchi ikianza kukatwa upande mmoja, nani ajuaye kisu kitakomea wapi? Hata Kenya, iliyokuwa rafiki wa mataifa ya Magharibi, iliegemea upande wa Ethiopia, kwa kuwa Wasomali walidai na sehemu yake ya kaskazini-mashariki. Ugomvi huu, basi, ulikuwa wa mipaka na malisho. Haukuandikwa katika vitabu vya wakomunisti, wala haukutoka katika maduka ya New York.

Sasa tazameni jinsi wakubwa walivyoingia. Ethiopia ya Mfalme Haile Selassie ilikuwa rafiki wa Marekani. Wamarekani walikuwa na kituo kikubwa cha simu za upepo huko Asmara, nao walimpa Mfalme silaha. Somalia, chini ya Jenerali Siad Barre aliyetwaa serikali mwaka 1969, ilikuwa rafiki wa Urusi. Mwaka 1974 waliandikiana mkataba wa urafiki, na Warusi wakapata nafasi katika bandari ya Berbera. Mwaka ule ule askari wa Ethiopia walimpindua Mfalme, kisha wakajiita wajamaa. Mwaka 1977 mkuu wao, Mengistu Haile Mariam, akawafungia Wamarekani vituo vyao, akaenda Moscow kuomba silaha.

Julai 1977 majeshi ya Somalia yaliingia Ogaden na vifaru vya Kirusi. Warusi wakapima mzani, wakaona ya kuwa Ethiopia ni kubwa na ina watu wengi zaidi. Novemba Siad Barre akawafukuza. Ndipo silaha zikamiminwa Ethiopia kwa ndege na kwa meli, na askari wa Cuba zaidi ya 10,000 wakaja pamoja nazo. Machi 1978 Wasomali wakashindwa, wakarudi kwao. Wale wale waliowafundisha kuendesha vifaru waliwafundisha adui zao namna ya kuvivunja. Na Marekani je? Mwaka 1980 ilipatana na Siad Barre, ikaingia Berbera, katika bandari ile ile waliyoiacha Warusi.

Twawauliza wale wasemao kwamba vita hivi vilikuwa vya imani mbili: imani hizo zilikuwa wapi mwaka ule? Katika vijiji vyetu twamjua mtu aingiaye darasa la ubatizo kwa ajili ya shati, naye hatumwiti mwongofu. Siad Barre alipowaacha Warusi hakuacha kuwafunga waliompinga. Mengistu alipowapata Warusi hakujifunza huruma. Ni kweli walikuwako walioamini kwa moyo: vijana wa shule wa Ethiopia walidai kwamba shamba liwe la mlimaji, na mwaka 1975 ardhi ikatwaliwa kutoka kwa mabwana wakubwa. Lakini maelfu ya vijana wa namna hiyo waliuawa na serikali iliyojiita ya kijamaa, kwa sababu walitaka ujamaa wa njia nyingine. Maneno makubwa yalikuwa kanzu. Aliyeivaa jana alimvika mwenziwe leo, na mwili wa ndani ulikuwa ule ule.

Wako watakaotujibu: Basi dhambi ni ya mataifa makubwa, mbona mwatulaumu sisi? Twasema, dhambi yao ni kubwa, nao watajibu mbele ya Mungu. Lakini ni nani aliyebisha hodi mlangoni kwao? Kumbukeni habari za Ahazi mfalme wa Yuda. Aligombana na jirani zake wa Shamu na Israeli, akatwaa fedha na dhahabu iliyokuwa katika nyumba ya Bwana, akampelekea mfalme wa Ashuru ili aje amwokoe. Mwashuru akaja, akawapiga jirani, na Yuda ikawa mtumwa wake. Ahazi hakuwa nyasi. Alikuwa mtu mwenye akili aliyechagua, na watu wake wakalipa.

Nao watu wa pembe hii ya Afrika walilipa vivyo hivyo. Mwaka 1984, hali serikali ya Ethiopia ikisherehekea miaka 10 ya mapinduzi katika Addis Ababa, watu wa kaskazini walikuwa wakifa kwa njaa. Mvua ilikuwa imekosekana, na vita vilikuwa vimeifunga njia ya chakula. Aprili 1988 Siad Barre na Mengistu waliandikiana amani. Je, wananchi walistarehe? La! Kila mmoja alitaka mikono yake iwe huru kwa adui wa ndani. Mwaka ule ule ndege za Siad Barre ziliuangusha mji wa Hargeisa, mji wa raia wake mwenyewe, nazo ziliruka kutoka kiwanja cha mji huo huo. Mwaka 1991 wote wawili walikimbia, na kabla ya mwaka kwisha Urusi ya Kisovieti yenyewe ilikuwa imevunjika. Mashindano yakafa, bunduki zikabaki kwa Wasomali.

Lakini liko jambo jingine ambalo walimu hatuwezi kulipita. Mwaka 1972 Somalia ilichagua herufi za kuandika lugha yake, na baadaye wanafunzi wa shule walipelekwa nyikani kuwafundisha wafugaji kusoma, wakihama nao na kulala walipolala. Kazi ile ilifanywa na Wasomali kwa lugha ya Wasomali. Vifaru vilivyoingia Ogaden vimekuwa vyuma vya kutu, lakini herufi zile zaandikwa hata leo. Serikali moja, ndani ya miaka michache, ilifanya yote mawili. Haikosi, basi, ilikuwa na uwezo wa kuchagua.

Ndugu wasomaji, mashindano ya wakubwa hayakwisha duniani. Yamebadili majina tu. Hata sasa wako watushawishio tushangilie taifa hili au lile, kana kwamba wokovu wetu unashuka melini pamoja na masanduku ya risasi. Kiongozi akijisifu kwamba amepata rafiki mkubwa mwenye silaha, tusipige makofi upesi. Tumwulize: Ugomvi huu ukiisha, bunduki hizi zitaelekezwa kwa nani? Wala jirani akitukosea mpaka wa shamba, tusikimbilie kumwita mgeni mwenye nguvu. Twende kwa jirani, hata mara saba. Nyasi hazina kinywa cha kuuliza wala miguu ya kwenda kupatana. Sisi tunavyo vyote viwili.