KASHA HILI LINA NINI?



Kila alfajiri wenzetu wa Githurai 45 hupakia mizigo ya kwenda Ruiru na Thika. Siku hizi, kati ya magunia ya viazi na makasha ya sabuni, huwamo pia betri za lithiamu: za simu, za taa za jua na za pikipiki za umeme. Mpakiaji hulirusha kasha juu ya lori kama arushavyo kabichi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia lina nini.

Jambo hili ni la hatari. Betri ya namna hii ikipondwa, ikitobolewa, au ncha zake zikigusana na chuma, huweza kushika moto kutoka ndani. Moja ikiwaka huichoma ya pili, na moshi wake ni sumu. Kizima-moto cha unga huweza kuua ndimi za moto, lakini joto hubaki, na baada ya saa kadhaa huweza kuwaka tena. Dawa yake ni maji mengi ya kuipoza. Katika msongamano wa barabara ya Thika, maji hayo yatatoka wapi?

Wenye ndege walijifunza kwa msiba. Tarehe 3 Septemba 2010, ndege ya mizigo ya UPS iliyobeba betri nyingi za lithiamu ilishika moto ikaanguka Dubai, na marubani wake wawili wakafa. Tangu Aprili 2016, mizigo ya betri tupu za lithiamu za kuchajiwa imekatazwa katika ndege za abiria. Je, uhai wa utingo ni rahisi kuliko wa abiria?

Twawataka matajiri wafanye haya: kila kasha liandikwe kwa Kiswahili lina nini, ncha za betri zifunikwe, zilizovimba zisichanganywe na mizigo mingine, na wapakiaji wafundishwe. Husemwa ajali haina kinga, lakini hii inayo, wala gharama yake si kubwa.

Nanyi ndugu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inawataka mtoe habari kwa msimamizi mwonapo hatari kubwa, na tajiri hana ruhusa ya kuwarudisha kazini hatari ingalipo. Basi ulizeni kabla ya kupakia. Atakayeuliza peke yake huenda akafukuzwa. Tukiuliza sote, tutajibiwa.