Vazi Lililoogelea

Mwaka 2011, katika soko la Karume pale Mchikichini, mpwa wangu alichomoa kutoka kwenye belo la mtumba nguo nyeusi ndefu, nyepesi, inayoteleza kama ngozi ya kambale. Muuzaji hakujua ni kitu gani. Alidhani ni ya wacheza sarakasi. Tulipatana bei ndogo tukaondoka nayo. Kijana hakulala usiku ule kwa furaha. Lilikuwa vazi la kuogelea la aina ile iliyopigwa marufuku tangu tarehe 1 Januari 2010.

Mavazi hayo yana kisa chake. Februari 2008 kampuni ya Speedo ilitoa LZR Racer, vazi la kitambaa kilichobandikwa vipande vya poliurethani. Miezi sita baadaye, katika Olimpiki ya Beijing, rekodi za dunia zilivunjwa 25, na 23 kati ya hizo ziliwekwa na waliolivaa. Makampuni mengine yakajibu kwa mavazi ya poliurethani tupu, na katika mashindano ya dunia ya Roma mwaka 2009 rekodi 43 zikaanguka kwa siku nane. Michael Phelps mwenyewe, ndani ya LZR iliyotetemesha watu mwaka mmoja tu nyuma, alishindwa mita 200 na Mjerumani Paul Biedermann aliyevaa vazi jipya zaidi la Arena. Hapo ndipo chama cha dunia, FINA, kilipoamua: kitambaa kitupu, wanaume kiunoni hadi magotini, wanawake mabegani hadi magotini.

Wapo wasemao mpaka leo kwamba marufuku ile ni woga wa wazee. Vazi haliogelei, husema, mtu ndiye anayeogelea. Mbona miwani haikukatazwa? Hoja hiyo inapendeza barazani. Lakini anayeisema hajawahi kuchoka katikati ya maji.

Mpwa wangu alijifunza kuogelea Feri, kama watoto wengi wa Ilala ambao bwawa huliona kwa kuchungulia ukuta wa hoteli. Maji ya bahari yana chumvi, na chumvi humbeba mtu. Alipoingia kwa mara ya kwanza kushindana katika bwawa la shule moja ya kulipia, baada ya mita 25 kiuno kilianza kushuka, miguu ikafuata, akawa anaburuza mwili mzima kama jahazi lililopakia kupita kiasi. Alitoka ananitazama. “Mjomba, maji ya pale hayabebi.”

Msomaji, mashindano yenyewe ndiyo hayo. Kuogelea kwa kasi ni kuuweka mwili juu wakati umechoka. Miwani humsaidia mtu kuona ukuta, lakini haimsogezi hata shubiri moja. Poliurethani hukaba mwili ukawa mwembamba, hunasa hewa, na kiuno huelea bila jasho. Inafanya kazi ileile tuliyokuja kuipima. Ni sawa na kumweka mmoja Feri na mwingine bwawani, kisha tukawapima kwa saa moja.

Basi marufuku naiunga mkono. Ninachokipinga ni unafiki uliofuata. Vazi lilifukuzwa, rekodi zake zikaachwa. Muda wa Biedermann, 1:42.00, ulikuwa bado ndio rekodi ya dunia mwaka 2024, miaka 15 baadaye. Tunaambiwa kanuni za siku ile ziliruhusu. Sawa, na medali abaki nayo, kwa kuwa aliowashinda walisimama naye chini ya kanuni zilezile. Rekodi ni kitu kingine. Rekodi humshindanisha mtu na kijana ambaye hajazaliwa, na kijana huyo ameshanyang'anywa vazi kabla hajaingia majini.

Wizi wake hauishii hapo. Jason Dunford wa Kenya, katika mchujo wa mita 100 kipepeo pale Beijing, aliogelea kwa sekunde 51.14 na kuwa na rekodi ya Olimpiki mpaka mchujo uliofuata. Nilipaswa kufurahi tu, Mwafrika Mashariki majini! Badala yake kila nikikumbuka najikuta nauliza alivaa nini. Mavazi yale yalimwibia hata aliyestahili.

Mpwa wangu alitaka kulivaa lile letu katika mashindano yaliyofuata, akidai hakuna mwamuzi wa hapa atakayelitambua. Nilimkatalia. Akanieleza jambo ambalo limenikaa kooni tangu siku ile: wenzake wana bwawa kila asubuhi, wana mwalimu mwenye saa shingoni, yeye ana Feri na meli zinazopita. “Sasa mjomba, hapo mwenye kifaa ni nani?”

Sikuwa na jibu, na sina. Vazi la poliurethani lilifutwa kwa sahihi chache, lakini bwawa halifutiki namna hiyo. Linajengwa, na katika mitaa yetu ya Gerezani na Kariakoo sijaona mtu akichimba. Hata hivyo sikumruhusu. Aliogelea na bukta, akawa wa nne kati ya sita, akaninunia wiki nzima.

Vazi lipo kwangu. Nimelikata nikafunikia kiti cha pikipiki, na masika yote maji hayapenyi.