Giaboksi inayovuja, na aibu yangu mimi mwandika programu

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu hivi, na sababu si uvivu. Nilikuwa nyumbani Nyamira, mikono imejaa oili hadi viwikoni. Wale mliozoea kunisoma nikibishana kuhusu hifadhidata mtanivumilia leo, maana nitaanza na mashine ya kufyeka nyasi, ile inayofungwa nyuma ya trekta. Kompyuta zitakuja mbele ya safari.

Kwanza niwaeleze mahali penyewe. Ukisikia Kisii na Nyamira usifikirie mashamba mapana. Sehemu kubwa ni vilima, chai, migomba na vipande vidogo vya ardhi, na ng'ombe hukatiwa nepia kwa panga. Lakini ukipita Keroka kuelekea Kijauri na Nyansiongo unaingia Borabu, ardhi iliyokuwa mikononi mwa walowezi wa Kizungu kabla ya Uhuru, kisha wananchi wakapewa katika mipango ya makazi ya miaka ya 1960. Huko mashamba ni makubwa kiasi, malisho yapo, na trekta ina kazi.

Baba mdogo anaishi huko. Ana Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, pamoja na mashine ya kufyeka ambayo hakuna anayekumbuka ilinunuliwa lini. Kibati chenye jina la kiwanda kililiwa na kutu zamani. Kwa mashine hiyo anafyeka malisho yake, na viwanja vya shule za jirani kwa malipo. Malipo hayo ndiyo karo ya binti yake wa mwisho. Kwa hiyo mashine ikilala, mtoto naye anakaa nyumbani.

Sasa basi, giaboksi yake ilikuwa inavuja. Haikuwa tone moja moja. Ilikuwa inamaliza karibu nusu lita kila siku ya kazi. Oili sili, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke pembeni mwa shafti, ilikuwa imebadilishwa mara mbili, na mara zote mbili ilianza kuvuja tena kabla ya mwezi kwisha. Fundi mmoja akashauri waijaze grisi badala ya oili. Mnunuzi wa vyuma chakavu akaja na mizani. Kikao cha familia kikaitwa, na mimi, msomi wa familia mwenye shahada ya sayansi ya kompyuta, nikasema bila kufikiri: "Baba mdogo, uza hiki chuma. Chukua mkopo, ununue mpya."

Mzee aliniangalia kwa muda, kisha akaniuliza: "Kijana, kompyuta yako ikikwama huwa unaitupa?"

Sikuwa na jibu. Asubuhi iliyofuata tuliifungua giaboksi, tukapakia vipande kwenye gunia na kwenda navyo kwa fundi wa jua kali mjini Kisii.

Yule fundi hakuuliza chapa wala mwaka. Aliuliza: "Inavujia wapi, na inavuja wakati gani?" Nilitabasamu, kwa sababu hayo ndiyo maswali ninayowauliza wateja wangu kila siku. Tukamwambia inavujia mbele, pale nguvu ya trekta inapoingilia, na inavuja ikishapata moto. Ikiwa baridi haitoi kitu. Alitingisha kichwa, akaanza kuonyesha. Haya ndiyo tuliyoyakuta:

1. Tundu la kupumulia lilikuwa limeziba. Juu ya giaboksi kuna skrubu yenye kitundu kidogo. Yetu ilijaa udongo mkavu. Giaboksi ikipata moto, hewa ya ndani hupanuka, na isipopata njia ya kutoka inaisukuma oili kupitia kwenye sili.

2. Beringi ya mbele ilikuwa imelegea. Ukiitingisha shafti unaisikia ikicheza. Sili haiwezi kubana kitu kinachochezacheza, hata uweke mpya kila Jumatatu.

3. Shafti yenyewe ilikuwa na mfereji. Mdomo wa sili umeikwaruza mahali pamoja miaka yote hiyo, hadi ukucha unanasa ukiupitisha. Sili mpya ilikuwa inakaa juu ya mfereji ule ule.

4. Chini, kwenye shafti ya visu, uzi wa nailoni wa kufungia marobota ya nyasi ulikuwa umejisokota na kuanza kuikata sili ya pili.

Mnaona? Sili ndiyo iliyoonekana, kwa hiyo sili ndiyo iliyobadilishwa mara mbili. Uvujaji ulikuwa dalili tu. Na ile grisi ingemaliza kila kitu, kwa sababu meno ya gia yakiisukuma pembeni hairudi kama oili, yanabaki makavu yakisagana.

Kuhusu ule mfereji, nilidhani tutahitaji shafti mpya. Fundi alicheka. Aliigonga sili mpya taratibu, lakini hakuisukuma hadi mwisho. Aliiacha nje kidogo, kama milimita 3, ili mdomo wake ukae juu ya chuma ambacho hakijakwaruzwa. Basi. Hilo halikutugharimu hata senti.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Beringi ile kuukuu ilikuwa na namba ubavuni: 6207. Hakukuwa na jina la kiwanda tena, lakini namba ilitosha. Tarakimu mbili za mwisho, 07, ukizizidisha kwa 5 unapata 35, yaani tundu la ndani ni milimita 35 (kanuni hii inaanzia 04 kwenda juu). Kipenyo cha nje ni 72, unene ni 17, kila mahali duniani. Oili sili nayo ilikuwa imeandikwa 35-72-10: tundu, kipenyo cha nje, unene. Tulitembea hadi duka la vipuri, tukataja namba, tukapewa. Mwenye duka hakujua wala hakujali kwamba ni za mashine ya kufyeka.

Na si beringi tu. Ile shafti ya nyuma ya trekta inayotoa nguvu, PTO, ina kipimo cha kimataifa: meno 6, kipenyo cha karibu milimita 35, mizunguko 540 kwa dakika. Ndiyo maana mashine isiyo na jina inaweza kufungwa kwenye Massey, Ford au trekta ya Kihindi iliyonunuliwa juzi. Wenzangu waandika programu, hicho ni kiolesura. Watu walikubaliana kipimo, wakakichapisha, wakakiheshimu, na miaka mingi baadaye mzee wa Borabu anakula matunda yake bila kuomba ruhusa ya mtu.

Linganisheni na mashine za sasa. Matrekta mengi mapya yana kompyuta ndani, na baadhi ya hitilafu haziondoki mpaka programu ya kiwanda iunganishwe. Nchini Marekani wakulima wamepigania haki ya kutengeneza mali yao kwa miaka. Januari 2023 John Deere ilitia saini makubaliano na chama kikubwa cha wakulima huko. Mwaka huo huo jimbo la Colorado likapitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa mashine za kilimo watoe vifaa na maelezo ya utengenezaji, ikaanza kutumika Januari 2024. Januari 2025 tume ya biashara ya serikali kuu ikaifikisha kampuni hiyo mahakamani. Kama mkulima wa huko mwenye wakili anasumbuka hivyo, wa Nyansiongo atafanya nini?

Niwe mkweli, viwanda vina hoja. Mashine mpya hutumia mafuta vizuri zaidi, hutoa moshi mdogo, na mtu akichezea programu anaweza kuharibu injini au kujiumiza. Hata mashine yetu kuukuu ilikuwa na hatari yake: shafti ya PTO ilikuwa wazi, bila kifuniko. Mizunguko 540 kwa dakika ni 9 kwa sekunde moja. Ikishika nguo, huna nafasi ya kupiga kelele. Tulinunua kifuniko cha plastiki siku hiyo hiyo. Kwa hiyo sisemi kila cha kale ni bora. Ninachosema ni kwamba usalama hauhitaji kufuli. Unahitaji maelezo.

Na hapa ndipo aibu yangu inapoingia. Miaka michache iliyopita niliandikia kikundi cha wafugaji programu ya kuweka hesabu za maziwa. Ilifanya kazi vizuri. Nywila nilikuwa nayo mimi peke yangu. Mpangilio wa hifadhidata ulikuwa kichwani mwangu. Hakukuwa na njia ya kutoa hesabu nje ya programu. Kisha nikapata kazi Nairobi, programu ikakwama, simu zao nikawa nazipokea siku moja na kuziacha siku tatu. Wakarudi kwenye daftari, na hesabu zao za mwaka mzima zikabaki zimefungiwa kwangu.

Aliyeunda ile giaboksi huenda alishakufa, lakini kazi yake inatengenezeka Kisii leo. Mimi niko hai, nina simu mbili, na kazi yangu haikutengenezeka kwa mtu yeyote. Nani hapo ni mhandisi?

Nikiwa bado nyumbani nilikaa usiku mmoja nikatoa hesabu zao zote katika faili la kawaida la jedwali, nikaandika kurasa sita za maelezo kwa Kiswahili, nikampelekea katibu wao pamoja na nywila. Alinishukuru, lakini hakusema kama watairudia programu. Ana haki.

Maoni yangu ni haya: kabla hujanunua mashine au programu, uliza kama fundi mwingine, asiyemjua aliyeiunda, anaweza kuifungua na kuitengeneza. Jibu likiwa hapana, ujue bei uliyotajiwa ni mwanzo tu. Na sisi tunaounda, tuache kuita kufuli "huduma".

Giaboksi tuliijaza oili ya gia namba 90 hadi usawa wa tundu la kupimia, bila kupitisha. Gharama yote, pamoja na fundi, haikufika shilingi elfu sita. Nilipompigia Baba mdogo juzi alikuwa amefyeka viwanja viwili. Nikamuuliza kama inavuja. Akasema alilaza gazeti chini yake usiku kucha, na asubuhi akalisoma.