Mpango Usioijua Njia ya Kemambo

Nianze kwa kusema wazi ninachopinga, ili msomaji asije akanielewa vibaya. Sipingi mipango. Hakuna mkulima wa Kemambo anayeamka asubuhi na kupanda mtama bila kufikiri mvua itakuja lini, mbegu ataitoa wapi, na nani atalinda ndege wakati watoto wako shuleni. Mtu huyo hupanga kuliko sisi tuliosoma. Ninachopinga ni kile kitabu kinachoitwa Mpango Mkakati wa Miaka Mitano, ambacho kila chuo cha wananchi siku hizi hutakiwa kuwa nacho kabatini. Kwa maoni yangu kitabu hicho hakiandikwi kwa ajili ya mwanachuo, wala mwalimu wake, wala kijiji alikotoka. Kinaandikwa kwa ajili ya mtu aliye mbali mwenye fedha. Ni barua ya kuomba iliyotiwa jalada.

Nimefundisha elimu ya watu wazima kwa miaka mingi, na nimeketi katika vikao vya kutunga vitabu hivyo zaidi ya mara moja. Chuo nitakachokizungumzia sitakitaja, maana vinafanana. Tulipelekwa hotelini Mwanza kwa siku tatu, tukapewa begi, kalamu na posho. Mwezeshaji, kijana mwenye adabu na anayejua kazi yake, alituwekea ukutani mraba wenye vyumba vinne: uwezo, udhaifu, fursa na vikwazo. Tukajaza. Katika chumba cha vikwazo mtu mmoja akasema, "Mwamko mdogo wa jamii," na wote wakaitikia kwa kichwa. Jamii yenyewe haikuwemo chumbani kujitetea. Nimeyaona maneno hayo manne katika kila mpango niliowahi kuusoma, na ningekuwa na mamlaka ningeyapiga marufuku. Mwananchi akikataa kumleta mwanawe katika chuo kisicho na vyerehani, huo ndio mwamko. Amepima, ameona hakuna kitu, amebaki na mwanawe nyumbani.

Rasimu ilipoletwa baada ya wiki kadhaa, tulikuta ukurasa mmoja unaozungumzia wakulima wa korosho na wavuvi wa baharini. Mkoa wa Mara hauna korosho wala bahari. Watu walicheka, pakafutwa, pakaandikwa kahawa na ziwa. Basi, mpango ukawa wa kwetu. Na kitabu kizima kilikuwa kwa Kiingereza, hata mlinzi wa chuo, aliyekaa pale miaka mingi kuliko mkuu yeyote, asingeweza kujua tumeamua nini juu ya lango analolinda.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana vyuo hivi havikuanza hivyo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975, wakati wa Mwalimu Nyerere, kwa msaada wa Uswidi na kwa mfano wa shule za watu wazima za huko. Waswidi nao walikuwa wameiga Denmark, ambako shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Rødding mwaka 1844 kwa mawazo ya mchungaji Grundtvig, aliyetaka mtoto wa mkulima afundishwe kwa lugha yake mwenyewe mambo ya maisha yake mwenyewe. Kwetu, utaratibu wa mwanzo ulikuwa kwamba kijiji ndicho kinachomchagua mtu wa kwenda chuoni. Kijiji kinakaa, kinasema, "Sisi hatuna fundi wa kutengeneza pampu," au "Duka letu la ushirika halina mtu wa kuandika hesabu," kinamtuma mmoja wao, naye akimaliza anarudi kwa waliomtuma. Sisemi utaratibu huo ulikuwa malaika. Pengine mwenyekiti alimtuma mpwa wake. Pengine aliyetumwa hakurudi. Lakini ulikuwa na jambo moja ambalo mipango yetu ya leo haina: palikuwa na mtu wa kumwuliza mwanachuo, "Umetuletea nini?" na palikuwa na mtu wa kukiuliza chuo, "Mbona mmeturudishia mtu huyu mikono mitupu?"

Halafu vyuo vikaanza kuhamishwa kama samani. Mwaka 1990 vilitolewa Wizara ya Elimu vikapelekwa wizara ya maendeleo ya jamii; miaka mingi baadaye vikarudishwa Elimu. Leo vyuo vya serikali ni 54. Kila wizara ilikuja na fomu zake. Kijiji kikasahaulika katikati ya safari hizo. Mwanachuo akawa mwombaji mmoja mmoja anayejaza fomu na kulipa ada, na chuo kikawa kinatoa taarifa kwenda juu tu. Nani alikuwa amebaki wa kuulizwa na watu wa chini? Hakuna, na bado hakuna.

Wataalamu wa mipango wanapenda kutuambia kwamba malengo mazuri yana sifa tano, zinazoanza na herufi tano za neno moja la Kiingereza. Herufi hizo alizitoa Mmarekani George Doran mwaka 1981, katika makala fupi ya gazeti la mameneja. Nawaomba wanaozihubiri waende wakaitazame herufi ya tatu. Siku hizi wanatuambia maana yake ni kwamba lengo liwe linafikika. Doran hakusema hivyo. Alisema lengo liwe na mtu aliyekabidhiwa, yaani ijulikane ni nani atakayelifanya. Katika kusafiri kutoka kitabu hadi kitabu, warsha hadi warsha, yule mtu aliyekabidhiwa akaangushwa njiani, na mahali pake pakawekwa neno laini lisilomsumbua yeyote. Mimi sidhani ni bahati mbaya. Chukua mpango wowote wa chuo uangalie safu ya mhusika katika bangokitita. Utakuta "Uongozi wa chuo kwa kushirikiana na wadau." Mdau ni nani? Anakaa kijiji gani? Akishindwa anaitwa na nani?

Nimesema Kemambo, na msomaji asiyepafahamu ana haki ya kuuliza ni wapi. Ni kata ya Tarime, katika eneo la Nyamongo, upande wa kaskazini wa mto Mara. Ukivuka mto umeingia Serengeti. Dunia inapajua kwa mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Kabla ya hapo watu walichimba wenyewe kwa sululu na tindo. Mgodi umepita katika mikono kadhaa: Placer Dome, kisha Barrick kuanzia 2006, kisha kampuni iliyokuja kuitwa Acacia, na tangu 2019 Barrick tena, sasa serikali ikiwa na hisa 16 katika kila 100. Majina yamebadilika, mashimo yamezidi kuwa marefu. Vijana wetu wengi elimu yao kuu imekuwa kuvizia mawe yanayotupwa na mgodi, usiku, na kukimbizana na askari. Mwezi Mei 2011 watu watano walipigwa risasi na polisi wakafa hapo. Sikumbushi jambo hilo ili kuamsha chuki. Nalikumbusha kwa sababu hiyo ndiyo njia ambayo kijana asiye na ufundi anashindana nayo, na chuo chochote kinachosema kinamhudumia kijana wa Tarime kinashindana na lile shimo, si na chuo kingine.

Je, mipango yetu inalitaja shimo? Inataja "uwepo wa wawekezaji", katika chumba cha fursa. Basi. Haisemi mgodi unahitaji wachomeleaji wangapi na wa kiwango gani, wala kwa nini cheti cha umeme wa majumbani hakimpitishi kijana getini. Haisemi nani analisha watu wa mgodi mboga na mayai, na kama mboga hizo zinatoka Kemambo au zinakuja kwa lori. Haisemi siku dhahabu itakapokwisha, maana itakwisha, wale mafundi watakula nini. Na hapa sheria ipo upande wetu. Sheria ya Madini kama ilivyorekebishwa mwaka 2017 inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuisaidia jamii na kukubaliana juu yake na serikali ya mitaa. Chuo chenye mpango wa kweli kingeingia katika mazungumzo hayo na karatasi moja: tunataka karakana hii, kwa vijana hawa, wa vijiji hivi, mwaka huu. Chuo chenye kurasa tisini za maneno kinafika kikiwa kimechelewa, na fedha zimekwisha kwenda kwenye madarasa na zahanati. Mambo hayo ni mema, ila yaliombwa na watu waliojua wanataka nini.

Wapo wakuu wa vyuo watakaoniambia, "Mwalimu, wewe umestaafu, unaongea tu. Bila kitabu hicho hatupati hata senti." Nawaelewa, na siwalaumu. Mkuu anayedaiwa maji, asiye na mbao za kufundishia useremala, ataandika chochote atakachoambiwa aandike. Lakini tumewahi kuipita njia hii kama taifa. Mpango wa kwanza wa miaka mitano wa nchi yetu, ulioanza 1964, ulitegemea sehemu kubwa ya fedha zake za maendeleo kutoka nje. Mwaka mmoja haujaisha vizuri tukagombana na Ujerumani Magharibi, kisha na Uingereza juu ya Rhodesia, na fedha hazikuja kama ilivyoandikwa. Azimio la Arusha la 1967 lilizaliwa na mambo mengi, na moja lilikuwa ni huko kuona kwamba ukipanga kwa fedha za mwingine, yeye ndiye anayepanga.

Tena tunao mfano wa pili, wa hapa hapa mkoani kwetu. Novemba 1974 chama cha TANU kilikaa Musoma kikaamua kwamba watoto wote wa nchi hii waingie shule ya msingi ifikapo 1977, badala ya 1989 kama ilivyokuwa imepangwa. Lengo moja, sentensi moja, tarehe moja. Bibi yangu asiyejua kusoma alilielewa siku ile ile aliposikia redioni, na aliweza kulikagua kwa kutazama njia asubuhi na kuona watoto wa nani wamebaki. Najua gharama yake: madarasa chini ya miti, walimu waliomaliza darasa la saba wakifundisha darasa la tatu, na ubora ulioshuka ambao tunaulipia mpaka leo. Wanaoulaumu uamuzi ule wana hoja. Lakini ulaumu huo wenyewe unawezekana kwa sababu lengo lilieleweka. Nani anaweza kuulaumu mpango unaosema utaimarisha mazingira wezeshi ya utoaji wa stadi jumuishi? Mimi mwenyewe niliyekuwepo ulipoandikwa siwezi kukuambia umeshindwa au umefaulu.

Kwa hiyo ninadai nini? Nadai mpango uanzie barazani, wakati mavuno yamekwisha na watu wana nafasi. Wakurya tuna iritongo, baraza ambalo mzee, kijana na mwenye kesi husimama na kusema. Wataalamu waje wakae pale, chini ya mti, bila posho, wasikilize siku nzima kabla ya kufungua kompyuta. Akina mama waitwe siku yao peke yao, maana mbele ya wazee hawatasema yote. Watasema juu ya wasichana walioacha shule kwa mimba, au walioozwa baada ya msimu wa saro. Na hapa nivisifu vyuo hivi: vipo vinavyompokea msichana pamoja na mtoto wake, mtoto akalelewa hapo hapo mama akiwa darasani. Hakuna jambo ninaloliheshimu zaidi katika kazi yao. Lakini msichana wa Kemambo analijua? Katika mpango niliouona mimi, jambo hilo lilikuwa mstari mmoja chini ya "masuala mtambuka", baada ya mazingira.

Malengo yasizidi matatu. Kila moja liwe na jina la mtu, na mtu huyo asimame mbele ya baraza lile lile baada ya mwaka. Kisha chuo kiache kuhesabu vyeti. Kihesabu waliomaliza miaka miwili iliyopita: yupi anafanya kazi ya ufundi wake, yupi hana nyundo, yupi amerudi kwenye mawe. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji mwalimu mmoja, pikipiki, na daftari la kurasa mia. Vijiji vyenyewe vinawajua watoto wao. Ukiuliza Kewanja utajibiwa kabla hujamaliza kuuliza.

Mama mmoja aliniambia mwanawe alirudi na cheti cha uashi, cheti kizuri chenye mhuri, akakitundika ukutani. Chepeo hakuwa nayo, pima maji hakuwa nayo. Alikaa miezi minne akitafuta wa kumwazima. Katika taarifa ya chuo kijana huyo yumo katika asilimia ya waliofaulu. Nataka mpango ujao usomwe kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kikurya, mahali ambapo mama huyo amekaa mstari wa mbele, na yeye ndiye apewe nafasi ya kwanza ya kuuliza swali.